Kiboko Aliyekula Ufuta

Wiki iliyopita niliwaacha mnacheka. Habari nilizipata, muuza magazeti wa stendi ya Ikwiriri aliniapia kwamba kuna mama mmoja alicheka mpaka basi likamwacha. Leo cheka taratibu, mama. Basi lingine linaweza kukuacha ukilia.

Kwa yule ambaye gazeti lililopita lilifungiwa vitumbua kabla hajalisoma, nitamkumbusha.

Mie ni Hemedy, mstaafu wa ghala la ufuta. Mjukuu wangu Muzdalifa, binti wa mwanangu Amri, ameolewa Mbuchi, kule deltani, na kijana anaitwa Miraji. Ndoa tamu, ila mtoto hapatikani. Siku zake za mwezi zilikuja zilipotaka, pengine zikapotea kabisa. Akaja kwangu Ikwiriri na macho mekundu. Mie nikampa kisa cha kiboko.

Kwamba mama yangu mzazi alikuwa tasa. Kwamba mtoni kulikuwa na kiboko jike, naye tasa, aliyekuwa akilia peke yake mpaka wavuvi wanahama. Kwamba kiboko yule akaingia shamba letu la ufuta, akala mpaka kumekucha, na msimu wa pili akaonekana na watoto pacha. Mama akaona akili ya mnyama isimpite. Akatwanga ufuta, akala, nikazaliwa mie, na meno mawili tayari mdomoni.

Muzdalifa hakucheka. Pale ndipo ningesimama. Badala yake nikachukua kinu nikamtwangia ufuta.

Wiki zikapita, akapiga simu. Ana mimba.

Sasa, mtu mwenye akili angeswali rakaa mbili za shukrani akanyamaza. Mie nilivaa koti langu la ghalani, lile la mifuko minne, nikajaza ufuta kwenye kopo la maziwa ya unga, nikapanda gari la Kibiti. Nilikuwa na mtu wa kumkomoa.

Mtu mwenyewe ni nesi Mwantum, wa kliniki ya kina mama. Kabla ya kuja kwangu, Muzdalifa alikuwa akitibiwa kwake. Binti yule alimpima damu, akampa vidonge, akampa na darasa la chakula: soda zipungue, samaki na mayai visikose, mchicha na kisamvu kila siku, muhogo mchungu ulowekwe ukalowekeka, na chumvi iwe ile yenye madini joto. Maneno hayo yote alimwambia mjukuu wangu, mie nipo hai, wala hakuna aliyeniuliza.

Mnajua ghalani nilikuwa nani? Mkulima hakuuza ufuta mpaka mie nimechoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, nikamwaga punje kiganjani, nikatafuna, nikatikisa kichwa. Walisubiri kichwa changu kama wanavyosubiri mwezi wa Idi. Nimestaafu, sasa hata mbuzi wa jirani hanisubiri apishane nami njiani.

Nikaingia kwa nesi. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, nikatua kopo mezani.

"Nimekuleteeni dawa yenu mpya," nikasema.

Akacheka. Akauliza habari za Muzdalifa, nikamwambia kwa madaha kwamba ana mimba. Mwantum alifurahi kweli, akapiga na makofi, mpaka nikaona haya kidogo kwa nia niliyokwenda nayo.

"Basi aje mapema, babu," akasema. "Mwenye tezi kama yake akishika mimba tunampima upya, na mara nyingi dawa tunamwongezea. Vidonge bado anavyo?"

"Vidonge vya nini tena? Nilimwambia aviache. Kazi imefanywa na ufuta."

Kicheko kikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye ungo. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia, maana mtu akikukaripia unapata pa kushikilia.

Akavuta kiti karibu na changu. Akanieleza polepole kwamba hapa shingoni pana tezi, na tezi ya Muzdalifa ni mvivu. Haitoi homoni ya kutosha. Ndiyo sababu siku zake zilivurugika, anachoka bila kazi, anasikia baridi wenziwe wakijipepea. Vile vidonge ni homoni ileile tezi inayoshindwa kuitoa. Alipoanza kuvimeza siku zake zilirudi, walishaliona hilo kabla hajaja kwangu.

"Kwa hiyo mimba ni ya vidonge?" nikauliza.

"Mimba ni ya Mungu na Miraji, babu. Vidonge viliwafungulia mlango. Lakini sikiliza hili. Mtoto akiwa mchanga tumboni hana tezi ya kumfanyia kazi. Anaazima kwa mama. Mama naye akiwa hana, mtoto aazime kwa nani?"

Nikaanza kuzungusha kifuniko cha kopo.

"Mimba inaweza kutoka," akasema. "Isipotoka, mtoto anaweza kuzaliwa akili yake haikukua sawasawa. Sikutishi. Nakuomba umrudishe kwenye dawa leo, sio Ijumaa."

Nikasukuma kopo langu kidogo, nikauliza kwa sauti ya chini, na ufuta je?

"Ufuta ni chakula kizuri. Utie kwenye mboga, ale na samaki, mwili upate nguvu. Lakini ufuta haujui kazi ya tezi. Na kidonge kinataka tumbo tupu, asikichanganye na huo wako."

Nikatoka nikaliacha kopo mezani. Nikarudi kulichukua. Nikatoka tena.

Wasomaji wangu, kuna jambo wiki iliyopita niliwaruka nalo. Nilisema nilimpa Muzdalifa ufuta, basi. Sikusema aliniuliza nini siku ile. Aliniuliza, "Babu, siwezi kula ufuta na vidonge nikameza?"

Swali la mtu mwenye akili zake. Nami nikamjibu hapana, vidonge vya dukani vinakausha kizazi, achague kimoja.

Hilo sikulitoa kwa mtu yeyote. Nililitunga palepale mtwangio ukiwa mkononi. Na nililitunga kwa sababu niliona mbali: akitumia vyote viwili mtoto akapatikana, sifa zitagawanywa. Nusu kwa nesi. Mie nilizitaka zote.

Nikampigia simu palepale nje ya kliniki.

"Mke wangu," nikaanza, kwa mazoea. Kwetu babu na mjukuu wa kike ni watani. Toka anatambaa namwita mke wangu, naye ananiita mume wangu asiye na meno. Hatujawahi kuzungumza lugha nyingine.

"Niambie, mume wangu." Sauti yake ilikuwa nzito, inakwaruza, ya mtu aliyeamshwa. Nikamwuliza kulikoni. Akasema ndiyo mimba hiyo, inamchosha, uso umemvimba, mchana wote yumo ndani ya sweta.

Sweta. Mbuchi. Mchana.

Nikamwambia arudie vidonge, leo hii. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwezi ule hukutaka niviguse, leo unataka nivimeze. Mume wangu, una wivu na mtoto?"

Nikamwambia sitanii. Akasema, hata siku ile niliyomweleza habari za jini wa mizani pale ghalani niliapa sitanii. Akakata simu akicheka.

Basi nikakumbuka kwamba mwanamke wa kwetu, kwa mambo ya tumbo lake, hamsikilizi babu wala mume. Anamsikiliza somo yake, yule aliyemfunda alipovunja ungo. Somo wa Muzdalifa ni Bi Kijakazi wa Bungu. Nikageuza njia nikaenda Bungu.

Nilimkuta barabarani, sinia kichwani, anakimbilia dirisha la basi. Kwenye sinia mna vifuko vidogo vimefungwa vizuri. Na anachonadi, nilikisikia kabla sijashuka.

"Ufuta wa kiboko! Mjukuu wa Hemedy kashika mimba! Ufuta wa kiboko!"

Nakiri mbele yenu: sekunde moja nilifurahi. Sekunde ya pili niliona wale kina mama wanavyonyoosha mikono madirishani, na mmoja wao anatoa mfuko wa dawa za hospitali kwenye pochi ili apate nafasi ya kutia ufuta wangu.

Nikamvuta Kijakazi pembeni, nikamweleza yote: nesi, tezi, vidonge. Nikamwambia kiboko hayupo.

"Hayupo?"

"Hajawahi kuwepo, Kijakazi."

Akafunga kifuko kingine, akakirudisha kwenye sinia. Kisha akakaa kwenye tofali.

"Weye Hemedy," akasema, "wanawake tulikuwa na chumba chetu. Ukaingia na viatu vyako."

Nikamwomba anifuate Mbuchi akaseme na mwari wake. Akakataa. Akasema yeye alishamwambia Muzdalifa zamani, amsikilize nesi, maana zama hizi somo mwenye akili anajua kipi cha kwake na kipi cha hospitali. Mtoto akamjibu kwamba babu amekataza.

"Sasa nikamwambie nini? Kwamba babu amelikataza katazo lake? Nenda mwenyewe. Ila huo mdomo wa kuchekeshea watu uuache hapa Bungu, nitakutunzia."

Basi lingine likasimama. Kijakazi akainuka na sinia yake. Nikiwa naondoka nilimsikia akinadi, na safari hii alinadi ufuta tu. Kiboko hakumtaja.

Mbuchi nilifika siku ya pili, jua limepanda, suruali imelowa mpaka magotini kwa sababu nilishuka mtumbwini kabla haujagota ufukweni. Haraka ya mtu mwenye dhambi.

Mpunga ng'ambo ya mto ulikuwa unakomaa. Ndege nao walikuwa wameshapata habari. Katikati ya shamba palikuwa na dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha mlinzi wa ndege, na kutoka dunguni kamba zimetandazwa pande zote, zimening'inizwa makopo. Makopo yalikuwa yanalia mfululizo, ka-ka-ka-ka, hayapumziki.

Miraji alinipokea na kicheko.

"Karibu, mzee. Umekuja kumchukua mkeo?"

"Nimekuja kuangalia mwizi wangu anamlisha nini," nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe, ulikuwa haukubaki Bungu. Nikauliza nani anatikisa makopo vile, kama anakimbizwa.

"Dada Sihaba. Siku hizi ana nguvu hizo, hata sisi tunashangaa. Usiku halali, alfajiri yupo dunguni. Ndege mwaka huu watakufa njaa."

Sikulitia maanani. Nilikuwa namtafuta Muzdalifa.

Alikuwa kwenye mkeka barazani, sweta limefungwa mpaka kooni. Mjukuu wangu, aliyekuwa akibeba ndoo mbili na bado ananitukana kwa utani njia nzima, aliinuka kuniamkia kwa vituo, kama anayejiokota. Uso umejaa. Macho yamekuwa madogo. Pembeni yake lipo bakuli la ufuta, limeliwa nusu.

"Mume wangu umekuja kumwona mwanao?"

Nikakaa. Nikamweleza. Nesi Mwantum, tezi, mtoto kuazima kwa mama. Miraji alikuwa ameegemea nguzo, akaanza kutabasamu, akimsubiri kiboko aingie. Muzdalifa naye akatabasamu. Nilipofika mahali pa mimba kutoka, akanipiga kofi dogo begani.

"Toba, leo umekuja na cha kutisha. Endelea, halafu ikawaje?"

Ndugu zangu, nimetunga uongo tangu sijaota ndevu, na wote ulipokewa. Siku ile nilibeba ukweli mmoja, nikakosa pa kuutua.

Nikaangalia lile bakuli. Nikaona hakuna kiapo kitakachonisaidia, viapo vyangu wanavijua. Nikavua kofia.

"Muzdalifa," nikasema.

Akaacha kutabasamu.

Toka azaliwe, jina lile sikuwahi kumwita. Siku ya ndoa yake, mbele ya shehe, nilimwita mke wangu mpaka shehe akacheka. Sasa nilipolitamka, niliona limempiga kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Akashika ukingo wa mkeka.

"Babu, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Muzdalifa, hakukuwa na kiboko."

Miraji akajiondoa kwenye nguzo.

"Na mama yako, babu?" akauliza Muzdalifa, polepole. "Si alikuwa tasa?"

"Mama yangu alizaa watoto tele, mie ni kitinda mimba. Alipokuwa ananibeba tumboni alikuwa amechoka kuzaa. Hakuna aliyekausha kizazi kwa vidonge vile. Niliyatunga mimi, ili ukizaa waseme ni Hemedy."

Hakunitukana. Miraji alitaka kusema kitu, akamzuia kwa kiganja. Alikaa ameinamisha kichwa, mkono mmoja tumboni, na nilimwona anahesabu, sio kwa vidole, kwa macho, anarudi nyuma siku moja moja mpaka kwenye kinu changu.

"Mwanangu yupo hai humu?" akauliza.

"Sijui. Nesi anakusubiri akupime. Meza kidonge sasa hivi, tushuke mtoni, leo hii tulale Kibiti. Viko wapi?"

Akamtazama mumewe. Miraji akatazama chini.

"Viko wapi, Muzdalifa? Vile nilivyokwambia uviache."

"Hukuniambia nivitupe," akasema. "Vilikuwa vingi, vimegharimu. Nikaona mie nimeshapata, ufuta unanitosha, na wifi naye anatafuta mtoto." Sauti yake nzito ikazidi kuzama. "Nilimpa Sihaba."

"Alipimwa?"

"Apimwe nini, babu? Si ni dawa ya uzazi?"

Nikamwambia sio dawa ya uzazi, ni dawa ya tezi mvivu. Mwenye tezi nzima akiimeza ni kama kumwongezea moto mtu aliyekwishachemka. Miraji alikuwa ameshika kichwa. Akasema dada yake anameza asubuhi na jioni, ili apate upesi. Akasema amekonda, mikono inatetemeka, anatoka jasho akiwa amekaa. Na jana alilalamika moyo unamwenda mbio, wao wakamwambia ni furaha, ndiyo mimba inaingia hiyo.

Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Ni Muzdalifa aliyeinua uso kwanza. Aligeukia ng'ambo, kule kwenye mpunga, akatega sikio, sweta limefungwa mpaka kooni.

"Miraji," akasema. "Makopo."

Tukasikiliza wote watatu. Palikuwa kimya. Ng'ambo ya mto ndege walikuwa wanashuka, kundi kwa kundi, hawana haraka, wanatua kwenye mpunga wa Sihaba kuzunguka dungu lote, na kamba zilikuwa zimelegea.